Mwanafunzi Wangu Aliyeogopa Gia ya Tatu

Kwa miaka kumi na saba nimefundisha watu wa Nakuru kuendesha gari. Nimefundisha padri, mama wa mitumba, askari jela, na daktari wa meno aliyekuwa akifumba macho kila lori likitokea mbele. Nilidhani hakuna mwanafunzi atakayenibabaisha tena. Halafu Jumatatu moja mwenye shule yetu, Bwana Mbugua, akanipigia simu.

"Gathogo, kesho unachukua mwanariadha. Chelagat, yule wa Keringet aliyemaliza wa pili kwa marathoni huko Ulaya juzi. Amepewa mwezi mmoja apumzishe miguu, anakaa kwa dada yake mtaa wa Section 58. Anataka leseni kabla arudi mazoezini. Usituaibishe."

Nilimwomba mke wangu, Wangare, anipigie pasi shati jeupe.

"Unaenda kufundisha gari ama kupeleka mahari?" akauliza. Lakini alilipiga.

Mbio zile nilikuwa nimezitazama buchari, duka la nyama la mtaani kwetu, kwenye televisheni kubwa iliyotundikwa juu ya mizani, na humo Chelagat alionekana mrefu kama mlingoti wa stima. Kwa hivyo asubuhi nilisimama langoni nikingojea mlingoti. Kwenye benchi walikaa wanafunzi wanne, nami nikawapita mara mbili nikikodolea macho barabara. Mwishowe mwanamke mmoja mdogo, mwenye sketi ya marinda, sweta nzito, na soksi ndani ya sandali za plastiki, aliinua mkono kama mtu aliye darasani.

"Mwalimu, kama unatafuta Chelagat, ni mimi."

Nilimsalimia. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata nikaogopa kuubana. Ningemweka mizani ya pale buchari, nadhani angekaribia nusu yangu, na ile nusu nyingine yangu yote iko tumboni.

Sasa, tukishaingia garini, mtu mwenye akili angeanza na kioo, kiti na mkanda. Mimi nilianza hivi: "Hata mimi nilikuwa mkimbiaji, unajua. Sekondari. Mita mia nane."

Ukweli ni kwamba nilikimbia mara moja tu, kwa sababu mkimbiaji wetu halisi alikuwa na matumbwitumbwi. Nilikuwa wa saba kati ya wanane, na huyo wa nane alianguka.

Chelagat aligeuka kunitazama kwa hamu ya kweli. "Ulikuwa unakimbia ngapi?"

Sikujua kwamba wenzetu hawa huulizana muda kama sisi wengine tunavyoulizana kwetu ni wapi. Nilitafuta namba iliyo karibu. "Dakika moja na nusu," nikasema.

Alirudisha macho mbele. "Hiyo ni nzuri sana, mwalimu," akasema kwa upole, kisha akafunga mkanda.

Jioni nilitafuta kwenye simu. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mita mia nane kwa dakika moja na nusu. Rekodi ya dunia ni ya mtu aliye nyuma yangu kwa sekunde kumi.

Nilitarajia mtu wa mbio awe na haraka, lakini Chelagat aliendesha gari kama mtu aliyebeba karai la mayai kichwani. Gia ya kwanza, sawa. Ya pili, baada ya kuniuliza mara mbili kama ni lazima. Ya tatu aliiogopa kabisa. Tulikuwa tukizunguka mitaa ya Milimani kwa kilomita kumi kwa saa, na watu waliokuwa wakifanya mazoezi yao ya asubuhi walitupita wakitupungia mkono, bila kujua wanampita nani.

"Chelagat, wewe kwa miguu unaenda zaidi ya hii!" nikamwambia siku moja.

"Kwa miguu najua mguu uko wapi," akajibu. "Hapa sijui tairi iko wapi."

Miaka kumi na saba, na hakuna aliyewahi kunieleza vizuri hivyo kwa nini watu huogopa gari.

Nilikuwa pia na kazi nyingine ya siri. Wanaume wa buchari walikuwa wameniagiza niwaletee maneno ya maana kutoka kwake, siri ya ushindi, kitu cha kurudia tukila nyama. Nikamvizia akingojea taa za barabarani.

"Ukifika kilomita ya thelathini, mwili umechoka, unawaza nini?"

Alifikiri hadi taa zikabadilika na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Maji," akasema.

Buchari niliwaambia kwamba yeye huwaza juu ya nchi yake.

Siku ya kumi na moja tulichukua barabara ya kupanda kuelekea Menengai, nimfundishe kuondoa gari mlimani. Injini ilimzimikia mara tatu. Nikamwambia, "Toka, tubadilishane viti, nikuonyeshe." Kando ya barabara kulikuwa na mathe mmoja, mama anayechoma mahindi, nikaona nipitie hapo kwanza, kwa kuwa sikuwa nimekula tangu kiamsha kinywa, yaani saa nzima.

Wakati huo nilikuwa nikimweleza jinsi ya kushika mabega mtu anapokimbia. Ndiyo, mimi nikimfundisha yeye. Mkono wa kushoto ulikuwa ukionyesha bega, wa kulia ukatoa gia, na hakukubaki mkono wa kuvuta hendibreki. Gari la shule lina breki ya pili upande wa mwalimu, na ndiyo iliyokuwa imelishika gari. Chelagat alishuka upande wake; niliposhuka mimi, mguu wangu ulishuka nami.

Nilikuwa ninachagua hindi mathe aliponiuliza, "Boss, hiyo gari yako inaenda wapi?"

Lilikuwa likirudi nyuma, polepole, kwa adabu, kama linaloaga. Chini kulikuwa na mkokoteni wa punda uliojaa mitungi ya maji, mwenye mkokoteni akiwa ameinama anafunga kamba. Punda peke yake ndiye aliyekuwa ameliona.

Nilikimbia. Nataka hilo liandikwe. Nilikimbia na hindi mkononi, nikipiga mayowe, na sauti ya viatu vyangu ilikuwa kama ya watu wanne. Nilifika kama hatua kumi na tano hivi, mguu ukakanyaga kokoto, nikaanguka kifudifudi na suruali ikapasuka goti.

Nikiwa pale chini kitu kilinipita. Hakikuwa na sauti. Niliona tu marinda ya sketi na nyayo za soksi. Sandali alikuwa ameziacha juu. Gari lilikuwa limeshaanza kushika kasi, naye alilifikia, akakimbia sambamba nalo kidogo kama anayepima, akafungua mlango wa dereva na kuingia. Likaenda mita nyingine tano na kusimama. Nilisikia hendibreki ikivutwa, krrr, mpaka mwisho, jinsi ninavyowaambia wote wavute.

Nilipofika nikichechemea alikuwa ameketi wima, mikono yote miwili kwenye usukani. Hakuwa akihema. Mimi ndiye niliyekuwa nikihema kwa niaba yetu sote. Kisha niliona soksi zake zimechanika nyayoni, na ndipo nilipoelewa: miguu ile ndiyo shamba lake na kazi yake, nami nilikuwa nimeitupa mbele ya gari lisilo na dereva kwa ajili ya hindi.

"Chelagat, nisamehe. Ungeumia."

"Niliogopa," akasema. "Lakini nilikumbuka kuogopa nikiwa nishaanza kukimbia." Kisha akaongeza, "Usimwambie kocha."

Sikumwambia kocha. Nilimwambia Wangare, na hapo ndipo nilipoharibu. Aliona suruali, akauliza, nami nikaanza kwa nia safi kabisa kumweleza kwamba gari liliteremka. Lakini alinitazama kwa wasiwasi ambao sikuwa nimeuona tangu miaka ile tukiwa wapya katika ndoa, akaniwekea maji ya moto ya goti, na mdomo wangu ukamaliza hadithi peke yake. Katika hadithi hiyo ni mimi niliyelifikia gari.

Jumamosi Chelagat alikuja kwetu na dada yake kutusalimia, wakituletea kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao Keringet. Wangare alimimina chai, akakaa, akasema, "Chelagat, tushukuru Mungu. Kama bwanangu hangelikimbilia lile gari, sijui tungesema nini leo."

Nilitazama chai. Nilitamani kuingia kikombeni.

Chelagat aliweka kikombe chake chini. Ningemwelewa kama angecheka. "Ni kweli mwalimu alikimbia," akasema. "Alitoa yote aliyokuwa nayo."

Hakuna kejeli iliyokuwamo katika sauti yake. Baadaye nilielewa kwamba kwa wakimbiaji hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. Nani alifika kwanza ni habari ya magazeti. Lakini wakati ule iliniuma kuliko goti. Mtu ameokoa gari, punda na kazi yangu, na sasa anaokoa uongo wangu sebuleni kwangu.

"Si mimi," nikasema. "Mimi nilianguka. Ni yeye aliyelisimamisha."

Wangare akachukua andazi.

"Najua," akasema. "Yule mama wa mahindi tunaimba naye kwaya. Aliniambia siku hiyo hiyo. Nilikuwa nangoja nione utabeba huo mzigo mpaka lini. Pia anasema hukulipia hindi."

Dada yake Chelagat alicheka mpaka akatoka nje. Chelagat mwenyewe alitabasamu tu, akaniuliza kama goti linakunjika vizuri, akaniinamia na kulibonyeza kwa vidole gumba kama fundi anayekagua tairi. "Weka barafu, si maji ya moto," akasema. Nimeweka barafu tangu hapo.

Mtihani alipita. Kwenye ubao wa model town, ule mji mdogo wa kuigiza wa mtihani, alikisogeza kigari cha kuchezea kwa uangalifu hata mkaguzi akamwambia, "Madam, hicho hakiwezi kugonga mtu." Barabarani alifika gia ya tatu mara moja, kwa sekunde chache, akirudi ya pili kama aliyegusa sufuria ya moto. Ilitosha.

Wiki iliyofuata aliniomba nimsindikize kwenda kambini Keringet kwa gari lake mwenyewe, Probox nyeupe aliyokuwa ameinunua kabla ya kujua kuiendesha. Tulipita Njoro na Elburgon kwa kilomita arobaini kwa saa. Karibu na Molo trekta lilitupita, na dereva wake alitutazama kwa huruma. Chelagat hakujali. Alisema, "Safari ni ndefu," akashika upande wake wa barabara.

Kambini alitaka kumwonyesha kocha wake, Kipkemoi, kwamba anajua kurudi nyuma. Alirudi nyuma vizuri sana, akaingia katika kishamba cha viazi cha Kipkemoi na kulaza mistari miwili.

Kipkemoi ni mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Alitazama viazi vyake, akamtazama Chelagat, halafu akanitazama mimi.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mm," akasema. Nimetukanwa na matajiri na maofisa, lakini hiyo "mm" bado naisikia.

Viazi vilivyong'oka vilichemshwa kwa chakula cha mchana. Tulikaa wanariadha tisa na mimi, na kati ya hao tisa kulikuwa na wawili ninaowajua kwa kuwatazama buchari. Nilijiweka tayari kusikia mambo makubwa. Walizungumza juu ya ng'ombe wa mmoja wao aliyekataa kula, na bei ya mbolea, na mmoja akaniuliza tairi za Probox hudumu muda gani. Walikula ugali wa kutosha kukandika nyumba. Halafu, saa nane kamili, wote waliinuka, wakaosha sahani zao na kwenda kulala.

Wote. Pamoja na Chelagat, aliyekuwa ameahidi kunipeleka stendi ya Molo nipande gari la Nakuru.

"Atalala mpaka saa ngapi?" nikamwuliza Kipkemoi.

"Mpaka aamke."

"Tunaweza kumwamsha?"

Aliniangalia kana kwamba nimependekeza tuchome kanisa. Akaingia ndani, naye akalala.

Nikabaki peke yangu kwenye benchi uani. Keringet ina baridi hata jua likiwaka, na mimi nilikuja na lile shati jeupe. Nilihesabu kuku. Nilisimama, nikatembea kidogo nikishika mabega jinsi nilivyowahi kumfundisha Chelagat, nikaona jogoo ananitazama, nikaketi. Kulikuwa kimya kabisa, watu wenye miguu ya kasi kuliko yote niliyowahi kuiona wakiwa wamelala nyuma ya mabati, na baada ya muda macho yangu nayo yakaanza kuwa mazito.

Nilipoamka ilikuwa karibu saa kumi na moja. Mtu alikuwa amenifunika kwa koti la mazoezi la Chelagat. Uwanjani wenzake walikuwa wakifunga kamba za viatu kwa zamu ya jioni, na yeye alikuwa kwenye usukani wa Probox, mkanda umefungwa, akinisubiri bila kupiga honi.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinitazama, nilijaribu kulivaa lile koti. Mkono uliingia hadi kiwiko, ukakwama, na haukutaka kwenda mbele wala kurudi. Ilibidi Kipkemoi aje kunivuta.