Mihogo ya Kanyosha

Hakuna adabu ngumu kama ya mkwe aliyetenganishwa na mama mkwe wake kwa pazia. Ilias alikohoa kabla ya kugeuka kitandani. Alikohoa kabla ya kuvaa suruali. Siku nyingine alikohoa hata kabla ya kukohoa, na Mwanasiti, upande wa pili wa pazia, alijifanya kiziwi, kazi aliyoiweza vizuri kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazima.

Ilias na mkewe Houda walikuwa wamevuka mpaka kutoka Uvira, mtoto mmoja mgongoni, vita vya kule vilipowashinda, wakaja kwenye vita vya huku ambavyo angalau vilikuwa vya kwao. Mwanasiti ndiye mama mzazi wa Houda. Aliwapokea mtaani Buyenzi, katika chumba chake kimoja. Na Buyenzi ilishajaa. Kila aliyefukuzwa kwake alikimbilia pale kwa Waswahili, ambako watu walikuwa hawajaanza kuulizana mababu, na wenye nyumba wakapandisha kodi kwa jina la Mungu mwingi wa rehema.

Hayo yangevumilika. Tatizo lilikuwa garaji. Ilias alipata kazi ya kutengeneza malori huko kusini, mwisho wa mji, na jioni saa za kuvrefe, marufuku ya kutembea usiku, zikifika askari walifunga barabara. Asiyefika kwake alilala alipo. Ilias alishalala ndani ya lori zaidi ya mara moja. Na tumbo la Houda lilikuwa limekua. Mtoto wa kwanza alimtoa kwa taabu, Ilias akikimbia usiku kutafuta mkunga. Sasa aliogopa kitu kimoja tu: uchungu umshike, na mumewe yuko upande wa pili wa barabara iliyofungwa.

"Mi ntazaa na nani, mama? Na pazia?"

Ndiyo maana wakaanza kutafuta nyumba kusini, pale ambapo mtu angeweza kutoka garaji na kufika kwake kwa miguu. Wakamshika komisioneri mmoja, mtu wa kutafutia watu nyumba, jina lake Byamungu. Mwanasiti naye akajitia katika safari bila kuitwa, akasema anakwenda kunyoosha miguu tu.

Byamungu aliwapeleka kwanza Kinanira, juu kilimani, kwenye ua wa matofali na mlinzi wa zamu getini.

"Apa ni salama kabisa, bibi. Ata risasi ikipanda uku, inafika imechoka."

Mwanasiti akachungulia ndani. Nyasi zilizokatwa vizuri, na mawaridi.

"Mwenye nyumba iko wapi?"

"Anakaa Ubelgiji."

"Kumbe. Salama yenyewe aliibeba."

Ilias aliuliza kodi. Alipotajiwa, akakohoa. Wakashuka.

Musaga kodi ilisemeka. Nyumba ilikuwa karibu na barabara, ina bati zima na choo chake. Houda alianza kupima kwa macho mahali pa kitanda. Lakini Mwanasiti alikuwa nje, anatazama bustani za watu. Kila uwanja lengalenga, yaani mchicha; nyuma ya nyumba lengalenga, kando ya mfereji lengalenga. Akamsalimia mama mmoja aliyekuwa anachuma.

"Mama, ule muhogo aumei apa kwenu?"

"Unamea sana," yule mama akajibu bila kuinua kichwa. "Nani ataungoja?"

Mwanasiti akarudi kwa wenzake amejaa furaha kama mtu aliyeokota pete. Hakungoja wafike mbali. Alitoa darsa lake palepale barabarani, kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza mkate.

"Sikieni, wanangu. Mutu usimuulize kama kwake kuna amani, atakudanganya ao atajidanganya. We angalia bustani. Lengalenga unakula mwezi aujaisha. Muhogo unautaka mwaka na zaidi. Mwenye kupanda muhogo, uyo ameamua kukaa. Apa sipataki."

"Ayo ni maneno ya akili, bibi," Byamungu akasema, kwa upole wa mtu anayetia kitu mfukoni.

Basi siku chache baadaye akawaita tena. Amepata nyumba Kanyosha, ya mwenye duka aitwaye Révérien, na bustani, bibi, bustani utaiona mwenyewe.

Kweli ilikuwa ya kuonwa. Mihogo ilisimama mistari kwa mistari, majani mapana, udongo umenyweshwa ukawa mweusi. Mwanasiti alipita katikati yake kama mkaguzi wa shule. Garaji ilikuwa karibu, mtu angetoka kazini akafika maji ya kunawa bado ya moto. Révérien akaleta viti na fanta, wakakaa kwenye baraza, na Mwanasiti akamwambia mkwe wake, huku akitazama pembeni kwa heshima, "Unaona? Uyu ni mutu aliyeamua kukaa."

Jua likapanda. Maneno ya kodi yakaenda polepole, kama inavyotakiwa. Na Mwanasiti, ambaye aliamini kwamba mgeni mwema haondoki mikono mitupu, akaomba ruhusa achume majani kidogo ya muhogo, ya kupikia sombe. Révérien akasimama haraka mno.

"Acha, mama, ntakutumia kesho! Ntakutumia!"

Lakini alishafika. Akashika jani, akavuta. Likaja jani, likaja tawi, ukaja mti mzima, mwepesi kama fimbo ya kuazima. Chini hapakuwa na mzizi hata mmoja. Palikuwa na ncha nyeupe iliyokatwa kwa panga. Ndipo wote wakaona jinsi mihogo yote ilivyokuwa imeanza kuinamisha vichwa kwa jua.

Byamungu akatazama mawingu, ambayo hayakuwepo.

"Muzee Révérien," Mwanasiti akasema, "uyu muhogo wako umefika leo asubuhi, kama sisi."

Ng'ambo ya uzio wa miti ya miyenzi mtu akapasuka kwa kicheko. Alikuwa mama wa makamo, jembe mkononi, rozari shingoni.

"Mwambieni arudishe miti yangu! Alikuja alfajiri, oh Dative nipe mbegu, oh Dative nimekuwa mukulima. Mi nikafurahi, nikasema Mungu amemubadilisha!"

Mwanasiti akasogea kwenye uzio. Kwa Dative mihogo ilikuwa imeshika ardhi: mikubwa ya tangu zamani, na midogo ya msimu ule. Mwanasiti akaona darsa lake limefufuka.

"Basi wewe ndiye uliyeamua kukaa, dada."

"Mi?" Dative akacheka tena. "Mi nimekimbia mara ngapi sijui. Kila nikirudi, maharage wengine wamevuna, mbuzi amekwenda, na milango nayo. Muhogo uko chini ya udongo, mwizi mwenye haraka achimbi. Apa kwetu, mama, wanaopanda muhogo ndio waliokimbia. Wenye bado awajakimbia wanapanda maharage."

Mwanasiti akarudi nyuma hatua moja. Elimu yake yote ilianguka mbele ya mkwe, kama kilemba sokoni. Ilias, kwa adabu, akakohoa.

Ni Houda aliyesogea uzioni.

"Mama, na mukikimbia, munafanyaje?"

"Tunagongeana. Mi nagonga kwa Callixte pale, Callixte anagonga kwa wale wa bondeni. Iyi nyumba ikipata mutu, ntaanza na yeye. Ni ya kwanza njiani."

"Na kama mutu awezi kukimbia?"

Dative akamtazama tumboni, akaegemeza jembe.

"Basi tutatembea."

Houda akageuka kwa mumewe. "Ilias, tunachukua iyi."

Kodi aliijadili Mwanasiti, na ule mti wa muhogo mkononi. Kila Révérien alipotaja bei, Mwanasiti aliitazama ile ncha iliyokatwa, taratibu, kama anayesoma. Bei ikashuka. Révérien akarudisha miti ya Dative palepale, na Byamungu ndiye aliyeibeba.

Mwezi uliofuata Mwanasiti alikwenda Kanyosha kukaa na binti yake hadi ajifungue. Aliteremka mchana na kitita chake, akazunguka nyumba kwanza kabla ya kubisha hodi. Kando ya mlango Houda alikuwa amepanda lengalenga. Nyuma, kwenye uzio wa Dative, vijiti vya muhogo vilikuwa vimechomekwa ardhini vikiwa vimelala upande, kama inavyotakiwa, na vimeanza kutoa macho. Mwanasiti alivuta kimoja kidogo. Kilikataa.

Hakutoa darsa. Alichuma lengalenga ya jioni ile.

Kuvrefe ilikuwa bado Ilias alipoingia uani, mikono myeusi kwa mafuta ya malori. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na mlango wa mbao katikati. Alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, akakohoa.

"Ingia, mukwe," Mwanasiti akasema. "Sisikii kitu."