Sura Isiyo na Mabano

Wifi yangu anaweza kukusomea mwandiko wa daktari yeyote, hata ule unaofanana na nyayo za kuku, lakini mwambie kwamba yeye mwenyewe ameandika vizuri uone anavyobabaika. Ni muuza dawa, dada wa mume wangu, na ndiye mwandishi bora niliyewahi kukaa naye chumba kimoja. Nasema hivyo bila kutia chumvi, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Waulize wateja wangu. Ukiniletea kitambaa kibaya nakwambia ni kibaya, halafu nakushonea.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi aliingia kwenye chumba changu cha ushonaji ameishika simu yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Ndiyo siku tuliyopanga kukipandisha kitabu chake kwenye duka la vitabu la mtandaoni. Hapo hakuna mchapishaji wa kumbembeleza. Unaandika, unatengeneza jalada, unabonyeza, na yeyote mwenye simu anaweza kukisoma. Mimi nilishapandisha hadithi zangu mbili za upelelezi kwa njia hiyo, kwa hiyo nilikuwa nimejipa uprofesa, nimempangia kiti karibu na dirisha ambako mtandao unashika, na tangu nilipoamka nilikuwa situlii.

Ila furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake. Siku chache kabla ya hapo alitutangazia kwamba hicho ndicho kitabu chake cha kwanza na cha mwisho. Asipotokea mtu asiyemjua kabisa, akakisoma hadi mwisho na kusema neno lake, basi yeye ataweka kalamu chini abaki na vidonge vyake. Nilimkumbusha kwamba sisi watatu tumekisoma na tumelia. Akanitazama kwa ule upole wake unaoniudhi.

"Wifi, ninyi ni watu wangu," alisema. "Hata nikiandika jinsi ya kunywa dawa ya minyoo mtalia. Mnanivika kilemba cha ukoka kwa sababu mnanipenda."

Iliniuma, na nilimwambia imeniuma. Lakini hakuyumba.

Sisi watatu pamoja naye ni kikundi, tunakiita Tusomane. Yuko Mwalimu, mstaafu wa hesabu, anayeandika hadithi za mapenzi zenye busu moja tu, tena ukurasa wa mwisho. Yuko Dereva wa lori, anayeandika hadithi za watoto akiwa kwenye foleni ya mizani. Niko mimi, na wifi ndiye wa nne. Mhariri hatuna. Mtu akimaliza sura anatutumia, na kila mmoja anaingiza maneno yake mle mle katikati ya maandishi, kwenye mabano ya mraba, maana simu zetu hazina ubavu wa mbwembwe za maoni ya pembeni. Sheria tunayo moja: usiseme tu kwamba ni nzuri, sema ni wapi pamekushika. Mwenye kitabu akishakusanya ya kukusanya, anatengeneza nakala safi, anafuta mabano yote, na hiyo ndiyo inayokwenda sokoni.

Kwenye mswada wa wifi mabano yalikuwa mengi kuliko pini zangu. Mwalimu aliandika kama anasahihisha mtihani: [Vema. Neno moja, mahali ambapo mimi ningetumia kumi.] Dereva aliandika: [Nimeegesha pembeni nimalize ukurasa huu. Wenye mzigo wasubiri.] Mimi, ambaye sina dogo, niliandika: [Huyu shemeji mchoyo afe mapema, ananipandisha presha.] Na kwenye sura ya tatu, nilipoona mkono wake unaanza kulegea kwa woga, nilimwandikia: [Usisimame hapa. Tuko nawe, twende.]

Hadithi yenyewe ni ya binti aliyefiwa na mama yake, akaendelea kuichaji simu ya marehemu kila siku hadi ndugu wakaanza kunong'ona kwamba amerukwa na akili. Kwa muda mrefu haikuwa na mwisho. Kisha wifi alijifungia chumbani kwake akaandika sura ya mwisho, na hiyo hakututumia. Tulimwomba, tukamsumbua, Dereva akatishia kuja na lori mlangoni. Alisema sura hiyo hataki mtu amshike mkono.

Basi tukaketi dirishani. Jalada nilikuwa nimelitengeneza mimi: picha ya simu kuukuu ya vitufe juu ya kipande cha satini ya bluu. Nyuma yetu bibi harusi mmoja alikuwa amesimama juu ya kigoda, gauni lake likiwa limeshikiliwa na pini kuanzia kwapani hadi kiunoni. Nilikuwa nimemwomba asubiri kidogo. Alisubiri kidogo, kisha akaanza kuchungulia simu juu ya mabega yetu, naye akawa mmoja wetu.

Duka likauliza faili iko wapi. Wifi akafungua mahali anapohifadhi kazi zake, na hapo nikaona safu ya majina ambayo kila mwandishi wa simu anaifahamu: Mwisho, Mwisho Kabisa, Mwisho wa Kweli, Mwisho Sasa Basi. Kidole chake kikaelea hewani. Akasema anadhani ni Mwisho wa Kweli, au tuseme Mwisho Kabisa. Moyo ulikuwa unanienda mbio, na mimi moyo ukienda mbio mdomo unautangulia. Nikamwambia achague abonyeze kabla hajaanza kujishauri, maana akijishauri tutazeekea pale.

Akafumba jicho moja, akabonyeza.

Nilipiga vigelegele hadi jirani anayeuza vioo akaja kuuliza nani amejifungua. Bibi harusi naye kwa furaha akasahau hali yake, akaketi kwenye kigoda, na kelele aliyopiga zile pini zilipomkaribisha ilikaribia kushinda yangu. Wifi alikuwa anacheka machozi yakimtoka, anaitazama picha ya jalada dukani, anaigusa, inakuwa kubwa, anaigusa tena, inakuwa ndogo. Jina lake lilikuwa chini pale, limetulia kabisa kana kwamba halijawahi kukaa mahali pengine. Nilijisikia kama nimeshona suti ya rais.

Siku hiyo na iliyofuata walikinunua tuliowatarajia. Binamu yake. Mwenye duka la dawa. Mume wangu, ambaye hajapata kusoma kitu kirefu kuliko matokeo ya mpira, alikinunua kwa mbwembwe na kuishia kwenye jalada, akasifu satini. Hao wote wifi aliwashukuru na hakuwahesabu. Wao pia walikuwa watu wake.

Mwalimu alikifungua Jumatatu. Alishakisoma chote kasoro sura ile ya mwisho, lakini Tusomane tunanunuliana, na yeye hasomi kitabu kipya akiwa na fulana. Lazima kwanza apige shati pasi. Nilikuwa naunga mkono wa koti aliponipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekutana na picha yake kwenye gazeti.

"Fundi," alisema, "mimi nimo humu ndani."

Nikamuuliza ndani ya nini.

"Ndani ya kitabu. Nasema vema, vema, kila baada ya kurasa mbili. Na wewe umo. Unaomba shemeji wa watu afe."

Nikaelewa palepale. Ile sura ya mwisho wifi aliibandika kwenye nakala yenye mabano yetu, ndipo akatengeneza nakala safi. Na sisi, kwa haraka zangu na jicho lake moja lililofumbwa, tulipandisha ile chafu. Nilitoka mbio na futi yangu shingoni, cherehani nimeiacha na sindano ndani ya kitambaa, jambo ambalo nikimwona mwanafunzi wangu analifanya siku hiyo hatakula kwa amani.

Nilimkuta nyuma ya kaunta akimweleza mzee mmoja asichanganye vidonge vyake na maziwa. Nilisubiri, na atakayekwambia kwamba najua kusubiri hanijui. Mzee alipotoka nikamvuta wifi hadi stoo, tukaketi juu ya maboksi ya pamba, nikamwambia.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alifungua kitabu chake mwenyewe, akapeleka kidole ukurasa hadi ukurasa, na kila alipokutana na bano mabega yake yalishuka kidogo. Alisema watu wamefungua kitabu chake wakakuta kelele zetu za jikoni. Alisema pengine ni afadhali hivi, amepata jibu mapema.

"Nakitoa," alisema. "Halafu basi, wifi. Usinibembeleze."

Nilikaa naona haya na hasira, nimeshika ncha ya futi yangu, nikimtazama akiingia kwenye ukurasa wake wa duka kukitoa kitabu ambacho nilikuwa nimekipigia vigelegele. Kitufe cha kutoa kiko chini kabisa. Ili ukifikie lazima upite mahali pa maoni ya wasomaji, ambapo tangu Jumamosi palikuwa patupu. Sasa hapakuwa patupu.

Aliyeandika alijiita Mama Pacha. Wifi alisema hamjui. Nikamwapia kwamba hata mimi simjui, wala sijamtuma mtu. Akaniamini, akanipa simu nimsomee kwa sababu hakutaka kuwa wa kwanza kuyaona.

"Nasoma kwa mkono mmoja," yalianza maoni hayo. "Mwingine una mtoto, na mwenzake amenilalia. Tangu nijifungue sijamaliza kitabu hata kimoja. Hiki pia nilitaka kukiacha kwenye sura ya tatu, si kwa ubaya, nilichoka tu. Ndipo nikakuta mtu kwenye mabano anasema, usisimame hapa, tuko nawe, twende. Nikadhani naambiwa mimi. Nikaenda. Sijui ninyi ni kina nani, lakini ni muda mrefu sijasoma nikiwa na watu. Dereva, natumaini mzigo ulifika. Na wewe unayetaka shemeji afe, naomba uwe dada yangu."

Nilicheka kwa sauti hadi chupa za rafuni zikatikisika. Nilipomgeukia wifi nikaona hacheki. Alikuwa ameshika tama.

"Unaona sasa," alisema taratibu. "Amewapenda ninyi. Hajanisoma mimi, amewasoma ninyi."

Na kwa kweli ningeweza kumtikisa. Lakini maoni yalikuwa hayajaisha, na kidole changu kilikuwa tayari kimeyasogeza juu, na macho yangu yalikuwa yameona yanayofuata kabla sijayatamka. Nilimwambia anyamaze asikilize.

"Ila sura ya mwisho haina mabano," nikasoma. "Niliwatafuta, sikuwaona hata mmoja. Nikaogopa, nikasema labda wamechoka, labda mwandishi ameachwa peke yake. Kumbe ndipo alipoanza kutembea. Pale binti anapoizima simu ya mama yake kwa mkono wake mwenyewe, nilimlaza mtoto chini ili nisome kwa mikono yote miwili. Mwandishi, hapo hukuhitaji mtu. Nami naomba niweke langu. [Hapa nimelia, na hakuna aliyeniambia nilie.]"

Wifi alichukua simu akasoma mwenyewe, midomo ikicheza, akarudi mwanzo akasoma tena. Kisha akainama akajifunika uso kwa koti lake jeupe la kazi, na mabega yake, yale yaliyokuwa yakishuka, yakaanza kuruka kwa kilio na kicheko, sikuweza kutenganisha kipi ni kipi. Nilimkumbatia pamoja na koti, pamoja na boksi. Nilikuwa na furaha iliyonipita kimo.

Kaunta iligongwa. Akajifuta macho, akaenda kuhudumia. Mimi nikabaki stoo na simu yake, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba sura ya mwisho sijaisoma. Mama wa watoto wawili nisiyemjua alikuwa ameingia chumba ambacho mimi, wifi mtu, sijaingia. Nikaingia. Kule nje nilimsikia wifi akieleza kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, halafu nikaacha kumsikia. Nilipofika pale simu inapozimwa, kidole gumba changu kilitaka bano kwa mazoea. Nilikizuia. Hapakuwa na nafasi ya neno langu.

"Wifi, umefika wapi?" aliniuliza kutoka kaunta.

Sikumjibu, sikuweza, na kwa jinsi anavyonijua, kimya changu kilimtosha.

Wateja walipopungua alirudi, akachukua simu yake, akaigusagusa kidogo nakala safi kabla ya kuipandisha. Safari hii tuliifungua kwanza, tukaipitia pamoja, tukahakikisha Mwalimu hasemi vema mahali popote na shemeji anaishi kwa amani. Kwenye sura ya tatu nikamshika mkono. Lile bano langu lilikuwa pale: [Usisimame hapa. Tuko nawe, twende.] Nikamwambia amelisahau.

"Sijalisahau," alisema. "Nimelirudisha mwenyewe. Kuna mwingine atachoka hapo hapo."

Akabonyeza macho yote mawili yakiwa wazi. Halafu akaniuliza kama Jumamosi nina nafasi, kwa sababu ana sura ya kwanza ya kitabu kingine, na inaanza na shemeji mwenye afya njema kabisa.