Sarafu Juu ya Sindano

Mzee Pindo alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka hata nguo ichakae. Mtu kama huyo humfundishi habari za sindano. Ndiyo maana kosa lake linauma, maana ni kosa ambalo angemgombeza mwanagenzi wake kutwa nzima.

Marehemu mkewe, kabla hawajaoana, aliimba kiitikio katika bendi moja ya mtaani. Bendi ikatoa santuri moja, kisha ikafa kifo cha bendi: ugomvi na deni la magitaa. Upande wa pili wa santuri hiyo, katikati ya wimbo, wenzake wote wananyamaza na yeye anaimba mstari mmoja peke yake.

Bahati mbaya santuri ilikuwa na mkwaruzo palepale. Sindano ya gramafoni ikifika hapo ilikuwa inaruka, na mkewe, mwiko mkononi, anaudaka mstari wake huko jikoni na kuuimba bila kukosea, kisha anapiga kelele, "Hiyo mashine yako inanionea wivu!" Wakaishi hivyo miaka thelathini, wakicheka. Nani ahangaike na mkwaruzo wakati mwenye sauti yuko jikoni?

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Mzee Pindo aliweka santuri. Sindano ikaruka. Jikoni kimya. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka binti yake akatoka chumbani mbio.

Kesho yake akachukua sarafu, ile kubwa, akaifunga kwa uzi juu ya mkono wa mashine ili sindano iwe nzito isiruke. Haikuruka. Mkewe akaimba. Tangu siku hiyo, kila akimaliza chakula cha mchana, alikipiga kipande kile mara tatu, mara nne, ndipo arudi kwenye cherehani. Miaka mitatu.

Kisha sauti ikaanza kufifia. Kwanza alisingizia masikio, halafu akasingizia mashine. Imezeeka, alisema, inataka kubadilishwa.

"Baba, mashine mpya ya nini?" binti yake alimuuliza. "Siku hizi watu wanasikiliza kwenye simu."

"Haya, nitolee sauti ya mama yako kwenye simu."

Binti akainamisha kichwa. Simu yake ilijaa picha za mama, lakini hakuna hata siku moja aliyokumbuka kumrekodi.

Basi Mzee Pindo akaifunga santuri yake kwenye kitambaa safi, akaenda kwa fundi redio aliyekuwa na mashine nzuri ya kuuza. Hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alitaka aisikie kwanza, ndipo aamue.

Fundi aliifuta santuri vumbi, akaushusha mkono kwa vidole viwili. Ngoma zikaja, gitaa likaja, hata mtu aliyekohoa huko nyuma akasikika. Mzee Pindo akatabasamu. Halafu, kabla tu ya mstari ule, mwanamke akavuta pumzi. Kwenye mashine ya nyumbani hakuwahi kuisikia pumzi ile. Akashika ukingo wa meza, akasubiri.

Ukaja mchakacho mtupu, kama mafuta kwenye kikaango, mpaka bendi iliporudi.

Fundi akaichunguza santuri kwa lenzi. "Mzee wangu, ulikuwa unaweka kitu juu ya mkono?"

"Sarafu. Ilikuwa inaruka."

"Sindano ikilemewa inakwangua, mzee. Hapa pamekwanguka kabisa. Mashine inasoma kilichopo tu. Kilicholiwa hairudishi."

Mzee Pindo alikaa kwenye kibao bila kukaribishwa. Maneno ya kumwambia mwanagenzi yalimjia yenyewe: usilazimishe sindano, utaharibu kitambaa. Ameyasema miaka arobaini.

"Kumbe nimemfuta mwenyewe," alisema. "Kila siku, baada ya chakula."

Fundi alikuwa muungwana. "Kwa santuri hii moja, mzee, sikushauri ununue. Ungekuwa na nyingine nyingi, sawa."

"Sina nyingine."

"Basi haina faida."

"Nifungie," akasema Mzee Pindo.

Jioni ileile aliipanga mashine mezani, akamwita binti yake akae. Ngoma, gitaa, kikohozi. Pumzi. Hapo hapo akauinua mkono, mchakacho usisikike.

Binti akamtazama. "Hiyo tu, Baba?"

"Hiyo tu."

"Mashine nzima kwa pumzi moja?"

"Mwanangu, pumzi za mama yako za mwisho nilizihesabu pale hospitali, moja moja, mpaka zikaisha. Hizo ndizo nilizokuwa nazo kichwani." Akaifuta santuri kwa ncha ya shati, ingawa ilikuwa safi. "Kwenye hii ana miaka ishirini. Anataka kuimba."

Binti akateremka kwenye kiti, akakaa sakafuni karibu na spika, magoti kifuani kama alivyokaa utotoni.

"Rudia, Baba."

Mzee Pindo akaushika mkono wa mashine kwa vidole viwili, akaitazama sindano kwa muda. Kisha akaurudisha mahali pake.

"Kesho," alisema, akaifunika mashine kwa kitambaa.