Zawadi Isiyochezeka

Shangazi Tukuswiga aliinua ile kompyuta nyeusi kwa mkono mmoja, akaipandisha na kuishusha hewani kama mtu anayekadiria uzito wa kuku kabla ya kutaja bei. Kisha akairudisha mezani kwa vidole viwili na kujifuta kwenye kitenge.

"Nyepesi," alisema. "Hii hata upepo wa lori unaibeba."

Nje, malori yalikuwa kwenye foleni ya kuelekea mpakani, na moja lilikuwa linapumua breki zake mbele kabisa ya mlango wa duka. Muuzaji, kijana aliyeitwa Lusungu, alicheka. Baba mdogo Yesaya, aliyebeba fedha za kamati ya sherehe yangu ndani ya koti, alicheka pia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao karibu na rafu ya chaja, mikono nimeifumbata tumboni kama mtu aliyekuja kuungama. Wepesi ndiyo sababu mojawapo iliyonifanya niitake.

Kwetu zawadi ya ukoo haikabidhiwi tu. Inachezwa. Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, shangazi anatangulia, akina mama wa sare moja wanafuata, muziki unapandishwa, na kitanda au friji linaingia ukumbini juu ya mabega ya watu, linayumba, linarudi nyuma, linaizunguka kila meza mpaka wageni waliokuja na bahasha nyembamba waone aibu. Sisi ni watu wa Mbebe tuliotelemkia Mlowo kwa biashara ya mazao tangu enzi za babu, na ukoo wetu unasifika kwa mambo mawili: kuimba, na kutokubali kuchekwa. Nimewahi kuona friji likichezwa mpaka mlango wake ukachomoka, na wanawake wakaendelea kucheza, huku wawili wameubeba mlango kando kama vile ilikuwa zawadi ya pili.

Binti mwenyewe hasemi anachotaka. Anamwambia mama yake, mama anamwambia shangazi, shangazi anaiambia kamati. Neno linaloingia kwenye mlolongo huo likiwa mahindi, linatoka likiwa unga, na wakati mwingine si unga wako.

Nilimwambia mama tukiwa tunamenya viazi. Sikutaka friji wala seti ya makochi. Nilitaka laptop, na nikamtajia ipi. Nilikuwa na stashahada ya ujenzi, na kwa miaka miwili nilikuwa nachora ramani za nyumba katika ofisi moja ya Tunduma, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Kompyuta ilikuwa ya ofisi. Mchumba wangu, Aliko, alikuwa tabibu wa zahanati upande wa Galula, na baada ya ndoa ningehamia huko. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya. Aliniambia nikiwa na mashine yangu ya kuaminika ataendelea kunitumia kazi hukohuko. Nisipokuwa nayo, kiti changu atakikalia mtu mwingine.

Basi nilisoma. Kila jioni kwa miezi mitatu nilisoma habari za laptop, mpaka nikazijua bawaba za mashine ambazo sikuwahi kuzigusa. Nilikuwa nimeshaiona nyumba ya Galula: umeme unakuja kama mgeni na kuondoka bila kuaga, vumbi linaingia hadi kwenye chumvi, na safari zote ni za pikipiki. Ile nyeusi ilikuwa na kibodi inayovumilia kumwagikiwa maji, gamba gumu, betri ya kutwa nzima. Ofisi za forodha za mpakani zinaitumia, kwa hiyo vipuri na mafundi wake wapo hapahapa Tunduma. Ilikuwa na kasoro mbili tu. Haikuwa na sura, na iliwazidi bei wenzake wenye sura.

Lusungu alizipanga tatu mezani. "Zote za daraja la juu, mama. Hapa hatuuzi takataka."

Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, imenyooka kama sahani mpya. Ya pili ilikuwa pana kama sinia la pilau, na alipoiwasha, vitufe vyake vikaanza kubadilika rangi: kijani, zambarau, nyekundu. Ya tatu ilikuwa yangu.

"Yesaya!" Shangazi alimvuta mdogo wake mkono. "Njoo uone, inawaka kama disko."

"Hiyo ya wacheza gemu," Lusungu alisema. "Wazambia wanaipenda hiyo, balaa. Kioo kipana, spika kubwa."

"Mtu aliyekaa mlangoni ataiona?"

"Mama, hata aliyekwenda chooni ataiona."

Wakacheka tena wote. Lusungu akanigeukia, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. "Dada mwenyewe anafanyia kazi gani?"

Nilifungua mdomo.

"Kazi zake za maofisini," Shangazi akajibu. "Anachapa."

Sichapi, nachora. Nilisema hivyo moyoni, mahali ambapo nimesema mambo mengi mazuri. Kisha nikajilazimisha. "Betri yake inakaa muda gani?" niliuliza, lakini sauti ilitoka ndogo mno, ikaishia kwenye rafu ya chaja.

"Naam?" Lusungu alisema.

"Anauliza kama ina dhamana," alisema Baba mdogo.

"Ipo, mzee. Dhamana ipo."

Nikashukuru kwa kuinamisha kichwa. Kwa jibu ambalo sikuliomba.

Baba mdogo alikuwa dereva maisha yake yote, na alizikagua mashine zile kama gari la kununua mkononi mwa mtu. Alifungua na kufunga, akasikiliza, akabonyeza mgongo wa ile ya fedha kwa dole gumba. "Hii ikikaliwa na mtoto?"

"Haikaliwi, mzee."

"Wewe unajua haikaliwi. Mtoto anajua?"

Lusungu alikiri kwamba kioo cha ile ya fedha kikipasuka, itabidi isafirishwe Dar. Ikawekwa pembeni. Zikabaki sinia na nyeusi, na Shangazi akauliza bei. Aliposikia, alimtazama kijana wa watu kwa huruma.

"Yaani ndogo, mbaya, halafu inaizidi bei ile kubwa? Mwanangu, hapa tunanunua kompyuta au tunanunua huzuni?"

"Hii unalipia uimara, mama. Hii hata ukiiangusha..."

"Nani aangushe? Sisi tunacheza, hatuangushi."

Baba mdogo alikohoa. Friji lililochomoka mlango lilikuwa la binti yake.

"Tufungie hiyo ya taa," Shangazi akahitimisha. "Na boksi lake lisichanwe, hilo boksi lenyewe ni heshima."

Mkono wa Baba mdogo uliingia ndani ya koti. Sijui watu wenye sauti kubwa huhisi nini kabla ya kusema. Mimi nilikasirika, na si kwa Shangazi peke yake. Nilikasirikia miezi mitatu ya kusoma, nikalikasirikia koo langu. Kwa kuwa sikuweza kusema, nilitembea. Nilipita katikati yao, nikatoa flashi kwenye mkoba na kuichomeka kwenye ile kubwa. Kwenye flashi nilikuwa nimeweka programu ya kufungulia ramani, na ramani ya nyumba ya ghorofa niliyoichora mwaka ule. Nikaifungua na kuanza kuizungusha ili paa lionekane, na ngazi, na vyumba vya ndani. Feni za mashine zikaanza kuvuma kama kinu cha kusaga.

"Chomoa chaji," nilimwambia Lusungu.

Shangazi aliniangalia kama kiti ndicho kilichozungumza.

Kile nilichofanya kwenye kubwa nikakifanya na kwenye nyeusi, na chaji yake ikachomolewa pia. Tukakaa zaidi ya saa nzima. Shangazi aliagiza soda, akaimaliza, akaagiza chapati. Mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliingia, akasalimia "Mulishani," akanunua waya wa simu na kuondoka. Namba ya betri kwenye sinia ilikuwa inashuka mbele ya macho yetu. Chapati ilipokwisha, taa za rangi zilizimika, feni zikanyamaza, na nyumba yangu ikapotea kwenye kioo cheusi. Kwenye mashine ya pili ghorofa lilikuwa bado linazunguka polepole, kimya.

"Imelala," alisema Shangazi. "Si utaiamsha kwa umeme?"

"Galula umeme unaweza kukatika siku mbili."

"Kwa hiyo watu wamechanga, wameshona sare, halafu mimi niingie ukumbini nimebeba kitu kama Biblia."

"Ndiyo, shangazi."

"Unataka wanicheke."

"Ninyi mtaicheza siku moja," nilisema. "Mimi ndiyo naenda kuishi nayo."

Lori la nje liliachia breki na kusogea. Shangazi alipangusa makombo ya chapati kifuani, moja moja, kwa utulivu ulioniogopesha kuliko ambavyo makelele yangeniogopesha.

"Yesaya, lipia hiyo nyeusi," alisema. Kisha, akiwa ameshageukia mlango: "Lakini siibebi mimi. Kamati itafute mtu."

Nilichomoa flashi na kuirudisha kwenye mkoba.

Siku ya sendofu, pale Mlowo, muziki ulipandishwa kama kawaida. Akina mama walisimama na sare zao, wakainua mabega, na hapakuwa na kitu cha kuweka juu yake. Baba mdogo Yesaya aliileta laptop peke yake, ameishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, anatembea mwendo wa mtu anayechelewa basi. "Jamani," mshereheshaji alisema kwenye kipaza sauti, "hiyo ni zawadi au ni wito wa mahakama?" Ukumbi ukaangua kicheko, na kicheko kilichelewa kuisha. Shangazi alikuwa meza ya mbele, anabandua karatasi ya chupa ya soda kwa kucha. Hakuinua macho. Nilipiga magoti, nikapokea. Kile nilichokitaka kilikuwa mikononi mwangu, na nikalia, na watu wakasema ndivyo bibi harusi anavyopaswa kulia.

Ilifanya kazi. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Mwezi wa pili wa ndoa ilianguka kutoka kwenye pikipiki, begi na vyote, na haikupata zaidi ya mchubuko kwenye kona. Umeme ulikatika na niliendelea kuchora mpaka Aliko anarudi kutoka zahanati. Ramani zangu zilijengwa Tunduma, moja hata Nakonde, ng'ambo. Nilikuwa sahihi, na usahihi huo ulikaa kwangu kama mgeni ambaye hakuna anayemsemesha, kwa sababu Shangazi hakupiga simu. Nilipompigia, alipokea mtu mwingine. "Mpe muda," mama alisema. Nikampa. Ukapita mwaka.

Mwezi uliopita, pikipiki ilimshusha Shangazi mlangoni kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alioga, akala, akaisifu mboga kwa Aliko bila kunitaja mpishi. Kisha akakaa karibu na meza yangu.

"Fungua hilo dude lako."

Alikuwa amenunua kiwanja Mlowo, nyuma ya mashine ya kusaga. Kwa jina lake. Alitaka nyumba, na alitaka kuiona leo. Nikaanza kuchora, na sijawahi kuwa na mteja anayechosha vile. Jiko nililompa aliuliza kama ni la kuku. Nilipolikuza, akasema sasa wapishi watapotea humo. Dirisha lilihamia mashariki, likarudi kaskazini, likaenda tena mashariki. Varanda niliifuta na kuichora mpaka kidole kikauma. Nilikuwa nasaga meno. Yeye alikuwa ananyoosha kidole kwenye kioo, kinaacha alama ya mafuta kila mahali kilipogusa, na nilianza kutamani umeme ukatike, kisha nikakumbuka kwamba usingenisaidia.

"Huo mlango wa mbele," alisema, "ni mpana mno."

"Ni kipimo cha kawaida, shangazi."

"Punguza."

"Nikipunguza, vitu vikubwa havitapita. Kabati, kwa mfano."

Aliondoa kidole kwenye kioo. Aliko alikuwa nje anaosha pikipiki, na maji yalisikika yakimwagika.

"Kabati langu la mninga liliingia kwa marehemu mume wangu likichezwa," alisema. "Wanaume sita. Ukumbi mzima ulisimama." Alikuwa anakitazama kioo, si mimi. "Ndugu zake walipokuja kulitoa, nilikuwa bado nina kitambaa cha msiba kichwani. Walikuwa wanne tu. Na halikugusa popote, Ferista. Lilitoka kama maji."

Nilimjua marehemu mume wake. Hilo la kabati sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote.

"Fundi atanitengenezea lingine humohumo ndani," alisema. "Punguza."

Nikaupunguza mlango. Aliinama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, akaupima mwanya uliobaki kwa jicho moja.

"Tena," alisema.