Mawe ya Bondeni

Alasiri ile Ida aliketi kwenye kibaraza cha ghala la kijiji akingoja zamu yake ya kusoma ubaoni, mguu mmoja ameuweka juu ya karipio la mwenyekiti. Lilikuwa jiwe zuri, bapa, na bado lilikuwa na joto la asubuhi.

Tangu walipohamishwa milimani mwaka wa sabini na nne na kuletwa huku kando ya mto Mkondoa, kila neno la kutopendezwa na jambo lilitoka mdomoni likaanguka chini likiwa jiwe. Watu walijifunza kuchunga vidole vya miguu, basi. Bondeni hakukuwa na jiwe hata la kunolea kisu, na sasa wanawake walikuwa na mafiga.

Mwalimu Lupakisyo, kijana wa Tukuyu aliyefundisha kisomo cha watu wazima, ndiye aliyewachambulia aina za mawe hayo. Onyo, alisema, ni kokoto, nalo hutolewa kabla ya jambo. Lawama huja jambo likishaharibika, na ni nzito kuliko inavyoonekana. Karipio hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, ndiyo maana huchelewa kupoa.

"Na mdogo akimwambia mkubwa?" Ida aliuliza.

Mwalimu alijikuna kichwa kwa chaki. "Hilo huenda ni suto, mama. Ila suto lataka mashahidi, na lisemwe usoni. Mimi sijawahi kuliona."

Ida alitamani sana kuliona. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, karibu kabisa na mto, na ndani yake alilala mama mkwe wake, Bibi Verdiana, ambaye miguu ilikwisha kazi zamani. Ida alitaka ruhusa ya kumrudisha mlimani kabla ya masika, hakuna kingine.

Bwana Maendeleo, ofisa mwenye kutoa ruhusa hiyo, alipofika na gari kutoka Kilosa, alisimama uwanjani akingoja aamkiwe. Alikuwa rika la kitindamimba wa Ida. Ida naye akangoja. Hatimaye mwenyekiti akawaamkia wote wawili.

Kwao Ida mkubwa haambiwi kosa lake. Huambiwa kuku, naye mkubwa akasikia. Kwa hiyo Ida alimgeukia kuku wake.

"Wewe kuku, nani kakutuma utage kwenye njia ya maji? Mvua ikija utasema hukuambiwa?"

Kokoto zikadondoka. Bwana Maendeleo, ambaye kwao ni mbali, alimtazama kuku kwa makini.

"Hawa wa kienyeji hawana faida," akasema. "Tutawaletea jogoo wa kisasa."

Ida aliachana na kuku. Alimsogelea, kijiji kizima kikiangalia.

"Mwanangu, ulipokuja kupima viwanja ulisema mto huu hauvuki ukingo. Mti ule una alama ya tope la masika, nayo imekupita kimo. Uliiona, maana uliishika kwa mkono. Ulitudanganya, na mama mkwe wangu hawezi kukimbia."

Jiwe lilimuumiza taya likitoka. Lilikuwa jeusi, kubwa kama mtungi, na lilipotua kuku alihama. Mwalimu Lupakisyo alilizunguka, akaligonga kwa ukucha.

"Ndilo hilo," akasema, na uso wake ulijaa furaha. Ida pia alifurahi, alifurahi hasa, akaona safari ya mlimani imeiva.

Bwana Maendeleo alilisogelea. Aliinama, akajaribu kuliinua, likamshinda. Kisha akatazama miguuni pa watu, akaona lawama na manung'uniko yametapakaa uwanja mzima.

"Kumbe mawe mnayo!" akasema. "Inueni misingi. Kuna haja gani ya mtu kurudi mlimani?"

Akawapongeza kwa kujitegemea, mwenyekiti akaongoza makofi, na gari likaondoka.

Walijenga. Suto liliwekwa kwenye kona ya nyumba ya Ida inayotazama mto. Mawe yalipopungua, Ida alikaa mlangoni akasema mengine, na Bibi Verdiana akamsaidia akiwa kitandani, kwa lugha ya kwao, ambayo ilitoa mawe magumu zaidi. Masika maji yalipanda, yakalilamba suto, yakarudi. Ida hakulala vizuri mpaka yalipokauka.

Mwaka uliofuata kijiji kingine kiliteremshwa kutoka milimani, kwa kuwa ilishaonekana kwamba bondeni watu hawakosi mawe. Ida alikwenda kuwapokea. Walikuwa wameanza kusema, naye akawaonyesha namna ya kuweka miguu.