Neno Juu ya Kitanda

Katika wodi ile, juu ya kila kitanda palibandikwa kadi yenye neno moja la Kiingereza, na neno hilo ndilo lililoamua mgonjwa ataruhusiwa kwenda wapi. Fundi cherehani, mama mtu mzima aliyelazwa kwa kiharusi kilicholegeza mkono wake wa kulia, aliikodolea macho kadi ya jirani yake.

"Hilo 'independent' ndio nini?" alimuuliza bintiye.

"Kujitegemea, mama."

"Aa! Mimi nilidhani hilo ni la nchi, linakuja na bendera na gwaride."

Muuguzi aliyekuwa akitandika shuka alicheka. "Hapa wodini, mama, maana yake unakula, unavaa na unakwenda chooni bila kushikwa mkono. Ukilipata, unarudi kwako."

"Basi nchi nyingi bado," alisema fundi, na wodi nzima ikaangua kicheko.

Binti alicheka shingo upande. Mama asipolipata neno, angehamia kwake. Chumba alishakipaka rangi, na pazia alishatundika. Mume alikwenda zake zamani, watoto walishaoa na kuolewa, na nyumba ilikuwa kimya hadi akawa anabishana na redio. Alimtaka mama yake. Tusimlaumu haraka, upweke nao ni ugonjwa, tena usio na wodi.

Kwa hiyo kila asubuhi aliwahi kufika kabla ya muuguzi, akamvika mama gauni na kumfunga vifungo vyote. Muuguzi akija, anakuta mgonjwa keshavishwa. Kadi ya mama ikabaki na neno lilelile, 'dependent', yaani tegemezi. Lakini muuguzi naye hakuzaliwa jana.

"Dada, kesho nataka nimwone akivaa mwenyewe. Wewe kaa pale, na mikono yako uikalie."

Kesho yake fundi alianza na kifungo cha chini. Mkono wa kushoto ulifanya kazi, wa kulia ukazubaa kama mgeni jikoni. Cha kwanza kilimtoa jasho. Cha pili kilimponyoka, kikamponyoka tena. Binti aliona midomo ya mama yake ikitetemeka, akainuka mikono mbele.

"Kaa!" mama alimkemea.

Akakaa. Mama alipomaliza, gauni lilikuwa limepanda upande mmoja, maana aliruka tundu.

"Inatosha, mama, umeweza," alisema muuguzi, kalamu mkononi.

"Inatosha nini? Nimewashonea watu maisha yangu yote, leo nitoke hivi?"

Akafungua vyote, akaanza upya. Binti aliomba kimoyomoyo kifungo kimoja kimshinde, na papo hapo, kwa aibu, akaomba kisimshinde. Machozi yalimtoka asijue ni ya ombi lipi.

Hakikumshinda hata kimoja. Muuguzi akaandika neno.

Fundi akamgeukia bintiye. "Unadhani sikujua kwa nini ulikuwa unaniwahi kila asubuhi? Nilikuachia tu. Niliona wewe ndiye mwenye shida."

"Nyumba imekuwa kubwa, mama."

"Najua, mwanangu." Akauinua ule mkono mzito wa kulia, taratibu, mpaka ukafika, akamfuta machozi. "Njoo kwangu wakati wowote. Lala, kula, tusengenye watu hadi tuchoke. Ila ukifika mlangoni, piga hodi, ungoje nije kukufungulia."