Mlango Uliofungwa Dakika Kumi na Moja

Katika mtaa wa Kessler, mashariki mwa Baltimore, kachero akibisha hodi kuna namna ya kumpokea. Unafungua mlango wote, mpaka ukuta wa nyuma uonekane barabarani. Unatoka nje, unasimama juu ya ngazi zako za marumaru, na unajibu kwa sauti ambayo hata asiyetaka kusikia ataisikia: "Sikuona kitu, afande! Nilikuwa nimelala!" Haijalishi kama tukio lilikuwa saa nane mchana. Kachero anaandika kwamba ulikuwa umelala, anakwenda nyumba ya pili, na huko nako walikuwa wamelala.

Odessa Purnell alifundishwa hivyo na mama yake, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kukosea. Jumanne akakosea.

Mvua ilikuwa kubwa. Aliyebisha alikuwa kachero mwanamke, kijana, jina lake Brannock, na koti lake lilikataa kufunga vifungo kwa sababu ya mimba ya miezi saba. Kabla hata ya kuonyesha kitambulisho alisema, "Samahani mama, naomba choo. Tafadhali. Nikiendelea kusimama hapa nitaaibika."

Odessa hakujaliwa mtoto, lakini hakuwahi kumnyima mjamzito kitu. Alisogea pembeni. Na kwa kuwa Wendell, mumewe, alikuwa amelala pale pale sebuleni kwenye kitanda cha hospitali, na upepo kidogo tu humletea kikohozi cha wiki nzima, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga.

Ndani hawakuzungumza lolote la maana. Kachero alikwenda chooni, akarudi, akapewa taulo, akafuta nywele. Odessa akamuuliza kama mtoto anacheza sana. Kachero akauliza kuhusu mauaji ya Jumamosi. Odessa akasema alikuwa amelala. Brannock akatabasamu kama mtu aliyekwisha kulisikia neno hilo mara ishirini tangu asubuhi, akaacha kadi yake mezani, akaaga. Alipofika kwenye ngazi akageuka, na kwa adabu aliyolelewa nayo akasema kwa sauti kubwa, "Asante sana, Bi Odessa! Umenisaidia mno!"

Ng'ambo ya barabara mapazia matatu yalitikisika.

Jioni hiyo mzee Otis, jirani yake wa ukuta mmoja, alimngoja kwenye uzio wa uani, kofia ya sufu imemfunika masikio.

"Kumi na moja," alisema.

"Kumi na moja nini?"

"Dakika. Nimehesabu kwa saa ya jikoni. Mimi nikifungiwa na polisi dakika kumi na moja, Odessa, nitawaambia mpaka namba ya viatu vya marehemu baba yangu."

"Alikuja kukojoa, Otis! Yule binti ni mjamzito, hukumwona?"

"Kukojoa." Mzee alilitafuna neno lile. "Nina miaka sabini na tisa, kibofu kimekwisha kazi, na sijawahi kukojoa dakika kumi na moja."

"Nakuapia sikusema kitu."

"Mimi nakuamini, dada yangu. Lakini mimi si mtaa."

Shida ni kwamba Odessa alikuwa ameona.

Jumamosi saa kumi jioni alikuwa amepiga magoti nje, anasugua ngazi zake kwa brashi na unga wa sabuni. Jemar Stokes, kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa Charlene wa nyumba ya ng'ambo, alikuwa anatoka dukani na pakiti ya chipsi na chupa ya chai ya limau. Gari la kijivu likasimama kando yake. Akashuka Kendrell Gaither, ambaye kila mtu humwita Drell, wala hakuwa na haraka. Risasi tatu. Kisha, kabla ya kurudi garini, Drell aliinua macho akamwona Odessa pale chini, brashi mkononi, povu likimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akamwinamishia kichwa, kama kijana anavyomsalimu mama wa mtaani.

Odessa alimjua tangu ana miaka sita. Alimpakulia chakula cha mchana shuleni kwa miaka mitano mfululizo. Na yeye, Mungu amsamehe, alimwinamishia kichwa pia.

Jumatano asubuhi, alipofungua mlango ili Wendell achukuliwe kwenda kusafishwa damu, alikuta kipande cha jibini ya njano kimewekwa katikati ya ngazi ya juu, kimenyooshwa vizuri kama kitambaa cha meza. Jibini ni chakula cha panya, na mtaani pale panya ni mtu anayezungumza na polisi. Dereva wa gari la wagonjwa alikiona, akatazama juu na chini ya barabara, akasema wiki ijayo atamwomba mwenzake aje badala yake. Yule dada aliyekuwa akija kumsaidia kumgeuza Wendell kitandani hakuja, na simu yake ikawa haipokelewi. Dukani, mwenye duka alimrudishia chenji kwa kuiweka juu ya kaunta, asimguse mkono.

Alhamisi mchana akaja Drell mwenyewe. Odessa alimwona dirishani akikaa kwenye ngazi yake ya chini, ametandaza miguu, anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kiganjani ili asichafue. Alijua kwamba kutotoka ni kubaya kuliko kutoka. Akatoka, mlango akauacha wazi kabisa.

"Shikamoo, Bi Odessa."

"Marahaba."

"Mzee anaendeleaje? Bado ule upande wa kushoto?"

"Bado."

"Pole sana. Alikuwa mtu wa nguvu yule. Alinifundisha kurusha mpira." Akatema ganda. "Wanasema umenichoma."

"Sijasema hata neno moja."

"Najua."

"Unajua?"

"Ungekuwa umesema, mimi ningekuwa hapa nakula mbegu? Ningekuwa chini ya ulinzi tangu Jumanne. Mimi si mjinga, mama."

Odessa alishuka ngazi moja kumkaribia. "Basi waambie, mwanangu. Wakikusikia wewe…"

"Ngoja." Aliinua kidole, taratibu, kama mwalimu. "Mimi nakuamini. Ila mimi nina watu juu yangu, na hao hawajawahi kula makaroni yako. Wao wanajua kitu kimoja tu: polisi ndani, mlango umefungwa, dakika kumi na moja. Nikiliacha lipite, nitaonekana mimi ndiye nimelegea. Halafu watakuja kwangu. Unanielewa?"

"Sikuelewi."

"Unanielewa." Akasimama, akajipangusa suruali. "Jumapili. Jumapili jua likizama wasikukute hapa. Walitaka iwe leo. Nimegombana na watu kwa ajili yako, Bi Odessa, nataka ujue hivyo."

Alisema kama mtu anayengoja kushukuriwa. Na mazoea ni kitu kibaya, kwa sababu Odessa alijikuta amesema, "Asante."

Aondoke aende wapi? Dada yake alikuwa Salisbury, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Wendell alikuwa na kilo mia moja na kumi, nusu yake haisogei. Na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima afike kwenye mashine. Walikuwa wamengoja miezi minne kupata nafasi ile. Akikosa mashine mara mbili, maji yanampanda mpaka kifuani. Odessa alizungusha mambo haya kichwani hadi akachoka, kisha akaanza kukuna jibini kwa ajili ya makaroni, kwa sababu kuna wazo lilikuwa limemjia na hakutaka kwenda kwa Charlene mikono mitupu.

Charlene Stokes alimfungulia mlango wa uani. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini jikoni kulikuwa safi kupita kiasi, kila kijiko mahali pake.

"Kaa, shoga."

"Sikai. Nimekuja kukwambia niko tayari. Nimeshaitwa panya, sasa nina kipi cha kulinda? Nitakwenda mpaka mahakamani. Aliyemuua Jemar ni…"

Charlene alimziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka sabuni ya vyombo.

"Usilitaje. Nalijua. Unadhani silijui? Mtaa mzima unalijua." Akatazama dari. Juu, mtu alikuwa anatembea na viatu vizito, kwenda na kurudi. "Teverick ndiye peke yake asiyejua. Amekuja kwa mazishi ya mdogo wake, Jumatatu saa moja asubuhi ndege inamrudisha kambini. Wamemficha, wote, hata wale wahuni wa kona. Mtaa huu una huruma zake. Yule mtoto jeshi limemfundisha bunduki, Odessa. Akilisikia jina kabla hajapanda ndege, nitazika wawili. Au nizike mmoja na huyu nimwone kupitia kioo cha gereza maisha yangu yote."

"Sitamwambia yeye. Nitawaambia polisi."

"Na polisi wakienda kumkamata, hatasikia? Ving'ora havina siri." Charlene alimshika mikono yote miwili. "Jumatatu. Ngoja akishaondoka, kisha sema, piga kelele, nami nitapiga pamoja nawe. Mpaka Jumatatu tu, dada yangu."

"Mimi nimepewa Jumapili."

Viatu vya juu viliendelea kwenda na kurudi. Kisha Charlene akachukua bakuli la makaroni, akalifunika vizuri na karatasi ya bati, akaliweka kwenye friji, na hakugeuka tena.

Ijumaa, Wendell aliporudishwa kutoka kwenye mashine, mchovu na rangi ya majivu, Odessa alikaa kwenye ukingo wa kitanda akapiga namba ya kwenye kadi.

"Mnaweza kutuondoa hapa?" aliuliza moja kwa moja.

"Shahidi, ndiyo," alisema Brannock. Nyuma yake simu nyingine zilikuwa zinalia. "Asiye shahidi, sina namna."

"Mtaani mimi ni shahidi tayari. Kwa sababu yako na kibofu chako."

"Nimesikia," alisema kachero, sauti imeshuka. "Na naumia, mama, kweli. Lakini kwenye karatasi zangu wewe ulikuwa umelala. Nipe jina sasa hivi, na mimi nianze kutafuta chumba cha chini, karibu na mashine za figo. Hakitapatikana kabla ya Jumatatu, siwezi kukudanganya. Mpaka hapo nitaweka gari la polisi mlangoni kwako."

"Gari la polisi mlangoni! Kwa nini usipake rangi ukutani kabisa, wasipotee njia?"

"Basi wewe niambie nifanye nini."

"Nikikupa jina, utaweza kukaa nalo mpaka Jumatatu?"

"Hapana. Nikilisikia, leo hii lazima niende kumkamata."

Odessa aliweka simu kifuani. Tangu kiharusi Wendell alikuwa amebakiwa na maneno manne au matano, na lililokuwa karibu zaidi ni moja.

"Wendell. Niseme?"

"Sawa," alisema Wendell.

"Au ningoje yule mtoto wa Charlene aondoke?"

"Sawa." Jicho lake zima lilimtazama kwa upole wote, kama vile amejibu.

Alimpenda kwa hilo, na kwa dakika moja alimchukia. Ng'ambo, kwenye ngazi za Charlene, Teverick alikuwa ametoka kuvuta sigara. Kijana mrefu, mgongo umenyooka, shati jeupe la mazishi bado lina mikunjo ya kutoka dukani. Charlene alisimama nyuma yake mlangoni, ameshika shati la mwanawe kwa vidole viwili, kidogo tu, asijue kama ameshikwa.

Odessa alirudisha simu sikioni. "Nipigie Jumatatu, saa mbili asubuhi."

"Bi Odessa, kwa nini Jumatatu? Nini kitatokea kabla ya…"

"Mpaka Jumatatu nimelala," alisema, akakata.

Kisha akaanza kazi. Dirisha la sebuleni lilikuwa hatua tatu kutoka kitandani, na nyuma ya sebule kulikuwa na jiko lenye kuta za matofali, ambazo risasi haizipenyi. Alifungua breki za magurudumu, akaenda upande wa miguu, akasukuma. Kitanda kilisogea kidogo kidogo, kikikwaruza mbao, Wendell akishangaa dari linavyotembea. Kichwa cha kitanda kikaingia jikoni. Mabega ya Wendell yakaingia. Halafu vyuma vya pembeni vikanasa kwenye fremu ya mlango.

Alisukuma kwa kiuno. Alisukuma kwa mgongo, visigino vimekita sakafuni. Akajaribu kukivuta kirudi, nacho kikakataa kurudi. Mlango wa uani ulikuwa jikoni, ng'ambo ya kitanda, na hapakuwa na upenyo wa kupita hata wa paka.

"Uko sawa huko?" aliita.

"Sawa," ikajibu sauti ya Wendell kutoka jikoni.

Odessa alikaa chini, upande wa sebuleni, chini kabisa ya usawa wa dirisha. Akaingiza mkono ndani ya blanketi, akaushika mguu wa mumewe, ule ambao bado ulikuwa unahisi. Nje gari lilipita taratibu, likasimama kidogo, likaendelea. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri.